Mzee anataka maswali kabla na video aione kwanza ndo itoke, nikubali au nikatae?

Mtoto_wa_Kashai

Habari zenu wakuu. Niko Bukoba, riziki yangu ni kupiga video za harusi na sendofu, ila kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu na nataka nikifanye kwa hela yangu mwenyewe. Nataka nitengeneze dokumentari ya vita ya Kagera, ya vifaru na mizinga wameongea wengi, mimi nawataka waliokuwa viongozi wa huku huku vijijini pale jeshi la Amin lilipoingia mwaka 1978 mwezi wa kumi, waliamua nini, walimwambia nani akimbie, nani alibaki na kwanini alibaki.

Nimempata mzee mmoja, jina siliweki hapa. Wakati ule alikuwa kiongozi upande wa ng'ambo ya mto, baada ya vita akaendelea na siasa miaka mingi tu, kuna watu wanampenda sana na kuna watu hawataki hata kumsikia. Kumbukumbu anayo. Akikaa pale barazani kwake anakutajia nani aliondoka na ng'ombe, nani alizika cherehani na sahani kwenye migomba akijua atarudi baada ya wiki, na daraja la Kyaka lilipolipuliwa wao walikuwa wamefika wapi. Amekubali nimrekodi ila ana masharti yake. Maswali yote nimpelekee kwa maandishi. Mtoto wake mkubwa akae hapo hapo tunaporekodi. Video ikikamilika aione yeye kwanza, akisema kipande hiki kitoke basi kitoke. Na nimkumbuke kidogo, yaani hela.

Mimi nimeangalia sana dokumentari za mahojiano ya wanasiasa kujifunza, ile ya Amin ya 1974 nimeirudia mara nyingi, ya mtangazaji David Frost akimhoji Nixon aliyekuwa rais wa Marekani pia, ya McNamara aliyekuwa waziri wao wa ulinzi pia. Na ndo zimenichanganya zaidi maana moja jamaa anaachiwa tu aongee anavyotaka, nyingine mtu anabanwa kama yuko mahakamani, na zote zinafanya kazi. Sasa mimi na huyu mzee nifate njia ipi, na masharti yake nikubali yapi?

Ssalongo_K

Salaam ndugu yangu, mimi nakuandikia toka Kampala. Hiyo ya Amin hapa kwetu kila mtu ana maneno juu yake, wacha nikueleze ninavyoiona.

Watu wanasema Barbet Schroeder, aliyeitengeneza, alimwachia Amin aongee tu. Ni kweli alimwachia, na Amin mwenyewe alijua kabisa hiyo filamu ni ya kwake. Yeye ndo alipanga waende kuangalia nini, akawapandisha kwenye boti kuangalia wanyama mtoni, akawaonyesha wanajeshi wake wakifanya zoezi la kuteka milima ya Golan na ndege juu, hata muziki unaosikia humo ndani ni yeye anapiga kodiani. Alifikiri anajitengenezea tangazo. Na humo humo ndani ya tangazo lake ndo akajianika.

Angalia vizuri kile kikao cha mawaziri. Watu wazima wamekaa mezani na madaftari, rais anaongea anaruka toka jambo hili kwenda lile, na wao kazi yao ni kuandika tu, hakuna anayeinua kichwa muda mrefu. Humo anamsema waziri wake wa mambo ya nje mbele ya wenzake na kamera inarekodi. Halafu msimulizi anakuambia wiki mbili baadae maiti ya yule waziri imeokotwa kwenye mto Nile. Michael Ondoga aliitwa. Hakuna swali gumu aliloulizwa Amin pale, ni kamera tu haikuondoka. Ukimaliza kile kipande nenda kwenye kikao na madaktari, kamera imekaa usoni kwake muda ambao yeye haongei anasikiliza, yale macho yanasema mengi kuliko hotuba zake zote.

Sasa kwenye sharti lako la tatu, la mzee kutoa vipande. Amin alitaka hicho hicho. Filamu ilipotoka Ulaya akasikia yaliyomo, akataka dakika mbili na nusu zitolewe. Schroeder akakataa. Amin akawakusanya Wafaransa waliokuwa wanaishi Uganda, kama 200 hivi, akawaweka hotelini kazungushia askari, akawapa namba ya simu ya Schroeder wampigie wenyewe wamuombe. Schroeder akakata, ungefanya nini wewe na roho za watu ziko pale? Lakini pale alipokata aliweka maandishi kumwambia mtazamaji kwamba hapa kumekatwa, na Amin alipoanguka 1979 vipande vikarudishwa. Mzee wako sio Amin, siwezi kumfananisha, lakini mkono wa mwisho kwenye mkanda ukimpa mtu anayehojiwa basi hiyo kazi ni ya kwake, wewe umemshikia kamera tu.

Mzee Kipaza

Kijana wa Kashai, umeuliza jambo zito na nimefurahi kuona kijana anafikiria hivi kabla hajawasha kamera. Mimi nilikuwa redioni enzi za kanda kubwa zile za kuzungushwa, nimekaa na wanasiasa wengi studio, kwahiyo nitaongelea hilo la maswali kwa maandishi.

Usimpe maswali. Mpe mada. Mwambie mzee tutaongea ujana wako, tutaongea kuingia kwenye uongozi, tutaongea siku zile za mwezi wa kumi, tutaongea kurudi baada ya vita. Mwanasiasa ukimpa swali lenyewe anakuja na jibu limepigwa pasi, wengine walikuwa wanakuja na karatasi kabisa wanasoma, ukijaribu kuingiza swali la katikati anakuambia hilo halikuwepo kwenye orodha. Kazi yote umeiharibu kwa mkono wako.

Na hapo kwa Frost na Nixon watu wengi wanadhani siri ilikuwa ni ukali. Frost hakuwa mkali, alijulikana kama mtu wa vipindi vya burudani na mazungumzo, waandishi wa habari wa Marekani walimdharau wakasema Nixon atamla mzima mzima. Angalia mazingira yalivyokuwa. Nixon kajiuzulu Agosti 1974, mwezi uliofuata Ford akamsamehe, kwahiyo mahakamani hakuna siku atakayosimama kujibu juu ya Watergate. Yale mahojiano ya 1977 ndo ikawa mahakama pekee aliyowahi kukaa. Na mkataba ulikuwa wazi: maswali haoni kabla, kuhariri haingilii. Huyo alikuwa rais wa Marekani alikubali hivyo, mzee wako naye ukimweleza kwa heshima atakuelewa.

Kilichomsaidia Frost ni makaratasi. Alikuwa na watafiti, mmoja wao James Reston mdogo akaenda kuchimba kwenye kumbukumbu za mahakama Washington akapata maandishi ya maongezi ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson ambayo hayajawahi kutumika hadharani. Nixon kaja amejiandaa kwa yale yanayojulikana na kila mtu, anasomewa maneno yake mwenyewe ambayo hakujua kama jamaa anayo. Sasa na wewe kabla hujaenda kwa mzee, nenda kaongee na watu wengine waliokuwepo, tafuta magazeti ya wakati ule, tafuta kama kuna muhtasari wa vikao vya kijiji umebaki kwa mtu kabatini. Ukijua tarehe na majina, mzee akiteleza unamrudisha kwa upole, "mzee hapo nilisikia mlikuwa mmeshafika Kyaka", na yeye mwenyewe ataona huyu mtoto kajiandaa, atakuheshimu.

Muda pia. Walirekodi karibu saa 29 wakatoa vipindi vinne vya dakika 90. Yale maneno watu wanayakumbuka mpaka leo, kwamba rais akifanya jambo basi sio kinyume cha sheria, hakuyatoa dakika ya kwanza. Na pale mwisho kwenye Watergate Frost aliweka chini ubao wake wa maswali, akamwambia anachoona Watanzania, samahani, Wamarekani wanahitaji kusikia toka kwake, na Nixon akasema amewaangusha rafiki zake, ameiangusha nchi. Kwahiyo usiende kwa mzee na saa moja. Nenda asubuhi, kunywa chai kwake, rekodi, pumzika, rudi siku nyingine.

Binti Chumbageni

Shikamoo mzee Kipaza, umesema vizuri sana. Mimi nahariri video hapa Tanga nitaongeza upande wa kamera na hiyo ya McNamara maana naipenda mno.

Robert McNamara wengi huku tunamkumbuka kwa Benki ya Dunia, alikuwa rais wake toka 1968 mpaka 1981, ila kabla ya hapo alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani kipindi cha Kennedy na Johnson, vita ya Vietnam ikapewa mpaka jina lake. Errol Morris, mtengeneza dokumentari hiyo, amemkalisha ana umri wa miaka 85 hivi, filamu ikatoka 2003. Morris anatumia kifaa chake mwenyewe, uso wa anayeuliza unatokea kwenye kioo kilichokaa mbele ya lenzi kwahiyo anayejibu anamwangalia muulizaji na hapo hapo anatutazama sisi moja kwa moja machoni. Ndo maana pale anapoelezea usiku ule wa Machi 1945 Tokyo ilipochomwa kwa mabomu ya moto, watu 100,000 usiku mmoja, na anasema kama wangeshindwa vita wangeshtakiwa kama wahalifu wa kivita, unashindwa kugeuza macho. Anasema na yeye yumo.

Wewe hicho kifaa huna na huhitaji. Kaa karibu kabisa na lenzi, bega lako liguse tripodi, kamera iwe usawa wa macho ya mzee isimuangalie toka juu wala toka chini. Wapiga video wengi wa harusi wamezoea kuzunguka zunguka, hapa tulia, acha kamera isimame. Na akinyamaza USIONGEE. Hapo ndo panapoharibika kwa wengi, mzee ananyamaza sekunde kumi anatafuta neno, wewe kwa adabu zetu unamsaidia kumalizia sentensi. Mwache. Nimehariri kazi ya mtu mmoja mzee wa watu kila akifika pagumu muulizaji anaingia na "eeh kweli kweli mzee pole sana", sikuweza kuokoa hata kipande kimoja.

Halafu jiandae na hili, McNamara mwenyewe anasema humo humo kwenye filamu kwamba alijifunza mapema usijibu swali uliloulizwa, jibu lile ulilotamani uulizwe. Mzee wako kafanya siasa miaka mingi hilo analijua vizuri. Akikwepa usimgombeze, subiri, muulize tena baada ya nusu saa kwa njia nyingine. Akikataa kabisa weka huko kukataa kwake kwenye filamu. Morris anamuuliza McNamara mwishoni kama anajisikia na hatia juu ya Vietnam, jamaa anasema hataki kuingia zaidi, akisema atalaumiwa na asiposema atalaumiwa, na ni bora alaumiwe kwa kutosema. Ikaachwa hivyo hivyo. Kwangu mimi hapo nimemuelewa kuliko dakika zote zilizotangulia.

Mtoto wake akae, mbona kawaida, ila mweke nyuma ya mzee sehemu ambayo mzee hamuoni. Akikaa mbele mzee atakuwa anajibu huku anamtazama mwanae kama kasema sawa au la. Na sauti, jamani sauti! Maiki ya kubana kwenye shati nunua hata ya bei ndogo, zima friji, na kwa Bukoba hiyo na mvua zenu kama nyumba ni ya bati rekodi asubuhi, mvua ikianza kwenye bati hakuna programu itakayokusaidia.

Lugalo77

Nimewasoma wote na nina heshima kwenu lakini kuna kitu mnakipita. Mnatoa mifano ya Amin, ya Nixon, ya waziri wa ulinzi wa Marekani. Hawa walikuwa na majeshi na mawakili. Mzee wa kijijini ana nini? Ana majirani. Baba yangu alipigana vita ile, alitoka nyumbani tukiwa wadogo, na mpaka kesho kuna majina hayataji mbele ya watu kwasababu watoto wa hao watu tunasali nao kanisa moja. Nani aliwaonyesha askari wa Amin nyumba zenye ng'ombe, nani alichukua vitu vya jirani vilivyobaki, haya mambo yapo mpaka leo watu wanayajua. Mzee akiropoka jina kwa hasira za siku hiyo, wewe kesho umerudi mjini na video yako YouTube, yeye ndo anakutana na hao watu msibani.

Kwahiyo mimi nasema mpe haki ya kuona kabla. Na nakupa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1995 Martin Bashir wa BBC alimhoji Princess Diana, dunia nzima ikasema ndo mahojiano ya karne. Mwaka 2021 uchunguzi wa jaji mstaafu Dyson ukasema Bashir alitengeneza karatasi feki za benki akamuonyesha kaka yake Diana ili wamuamini apate nafasi ya kukaa na dada yake. BBC wakaomba radhi, miaka 26 imepita na Diana mwenyewe hayupo duniani. Mahojiano yalikuwa mazuri ya kusisimua ndio, ila mlango waliingilia haukuwa halali. Uaminifu na mzee ni mkubwa kuliko filamu.

Ssalongo_K

Lugalo77 hapo kwenye majirani umenigusa, na kwetu hali ni hiyo hiyo, Masaka na Mbarara vita ilipita watu wanajuana. Lakini kuona kabla na kukata ni vitu viwili. Aone, kwanini asione. Akisema tarehe hii nimekosea, rekebisha. Akisema hili jina la mtu wa kawaida litaleta ugomvi, toa jina, hata bila yeye kusema wewe mwenyewe ulitakiwa ulitoe. Ila akisema hapa nilipokiri kwamba niliondoa familia yangu kwanza kabla sijawatangazia watu, hapa pakatwe, utafanyaje? Hapo ndo penye historia yenyewe.

Lugalo77

Hapo utakaa nae umueleze kwanini ni muhimu kibaki. Ukishindwa kumshawishi mtu mzima kwa maneno yake mwenyewe basi bado hamjaaminiana vya kutosha, rudi nyuma jenga hilo kwanza. Mimi siwezi kukushauri umzunguke.

Mtoto_wa_Kashai

Wakuu asanteni sana, sikutegemea mtanijibu kwa uzito hivi. Mzee Kipaza shikamoo, hilo la mada badala ya maswali nalichukua kama lilivyo. Dada wa Chumbageni la kunyamaza nitaliandika kwenye karatasi nibandike nyuma ya kamera. Lugalo77 umenifikirisha sana, kuna jina moja mzee ameshalitaja nikiwa nae bila kamera na familia hiyo naifahamu, hilo halitoki.

Kwenye kukata nimeona niandike karatasi moja tuweke sahihi wote: ataona, makosa ya ukweli yatarekebishwa, majina ya watu binafsi yatalindwa, yale aliyoyasema juu ya maamuzi yake mwenyewe kama kiongozi yatabaki isipokuwa tumekaa tukakubaliana vingine sisi wawili, bila mwanae. Imebaki hela. Nampa au simpi? Na nianze na swali gani siku ya kwanza?

Mzee Kipaza

Hiyo karatasi ni nzuri, isome mbele yake kwa sauti hata kama anajua kusoma, na mwanae asikie.

Hela. Nixon alilipwa dola 600,000 na sehemu ya faida juu yake, na stesheni kubwa za televisheni za Marekani zikagoma kununua, Frost ikabidi atafute wadhamini na stesheni moja moja mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba kila aliyeangalia anajiuliza huyu anasema kwakuwa ni kweli au kwakuwa kalipwa. Wewe usilipe maneno. Lakini kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu sio mila zetu. Beba sukari, beba kahawa, siku akitoka nawe kwenda mtoni gharamia gari na chakula, na mwisho wa filamu sema wazi kwamba ulimsafirisha. Na kibali cha Bodi ya Filamu usiache kufuatilia mapema.

Nikuambie kwanini nakusukuma. Bara tulipata televisheni mwaka 1994. Viongozi wote wa vijiji na wilaya wa miaka ya sitini, sabini, themanini, kama sauti zao zipo basi ziko redioni, na redioni tuliwahoji wakubwa. Hotuba ya Mwalimu ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo ipo, kila mtu ameisikia. Mwenyekiti wa kijiji aliyeamka askari wa Amin wako uwanjani kwake nani alimuwekea maiki? Hao wamebaki wachache na wanazidi kuondoka.

Binti Chumbageni

Swali la kwanza: "Mzee, siku ile asubuhi ulipoamka ulikuwa wapi na nani alikuwa ndani ya nyumba?" Usianze na siasa wala nani alaumiwe. Akishaingia ndani ya ile nyumba, mlango uko wapi, mtoto gani alikuwa anaumwa, alisikia nini kwanza, mengine yatakuja yenyewe na hutahitaji kumbana. Yale magumu yaweke siku ya pili au ya tatu.

Na usiku huo huo kabla hujalala hamisha kila kitu toka kwenye memori kadi, weka kwenye hadidiski mbili tofauti, moja ikae kwako na nyingine mpe mtu unayemuamini. Yale mahojiano mazima bila kukatwa watengenezee familia ya mzee nakala yao. Ukikwama kwenye kuhariri niandikie inboksi, sitakutoza.

Mtoto_wa_Kashai

Asante dada, nitakuandikia. Jumamosi naenda kwake na karatasi ya makubaliano, kamera naiacha nyumbani siku hiyo.